Kidole Kilichonyooka

Watu wa Bunia walikuwa wameizoea amani ya miaka ile namna mtu anavyozoea jino bovu: unatafuna upande mmoja, unacheka nusu mdomo, na unaomba Mungu lisiamke. Mchana soko lilijaa, shule zilipiga kengele, na magari ya askari wa kofia za buluu yalipita polepole yakimwaga vumbi juu ya mandazi ya watu. Jioni kila nyumba iliweka viatu karibu na mlango, pua zake zikiangalia nje. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Adeline naye aliweka vyake. Yeye na mume wake Théodore walitoka vijiji vya nyuma ya Fataki wakati wa kukimbia vita, na tangu hapo waliishi Bunia kwenye nyumba ya kupanga. Théodore alitengeneza baiskeli kando ya barabara. Adeline aliuza samaki wa moshi waliopanda kutoka ziwani Kasenyi. Sokoni wote walimwita Mama Denise, na jina hilo lilimchoma kila mara, lakini angefanya nini? Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na Denise alikuwa wa kwanza na wa mwisho.

Ndoto yake ilikuwa moja, na haikuchoka kurudi. Anakimbia kwenye njia ya mihogo, mzigo uko kichwani, mkono wake wa kuume umeshika mzigo, mkono wa kushoto umeshika mkono wa Denise. Anausikia ule mkono mdogo, una moto na jasho, unavutavuta kwa sababu miguu ya mtoto ni mifupi. Watu wanakimbia mbele, watu wanakimbia nyuma. Yeye anaangalia mbele tu. Kisha unafika mto, na ile miti miwili iliyolazwa juu yake kama daraja, na watu wanasukumana kama ng'ombe mlangoni. Anaanguka. Mkono unatoka. Anaamka.

Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Watu walimkanyaga pale pale, kidole chake kidogo cha kushoto kikavunjika, na alipoinuka Denise hakuwepo. Walimwita mpaka sauti ikakauka. Théodore alirudi nyuma kumtafuta, akafukuzwa na risasi, akarudi tena. Waliokuja nyuma walisema kwamba wapita njia walizika watoto wengi kando ya ule mto, bila kujua ni wa nani. Kidole kilipona chenyewe, kimepinda kama ndoano ya mvuvi.

Miaka ikapita. Siku moja Gustave, kaka mkubwa wa Théodore, akaja nyumbani. Alikuwa mtu wa maneno machache na kofia ya zamani, na alipoivua na kuiweka gotini, Adeline akajua ni jambo la ukoo.

"Théo, leki yangu," akamwambia mdogo wake, "na weye Mama Denise, sikieni. Mutoto hawezi kubaki mu njia hivi. Wakubwa wamekubali. Kisha mavuno ya maharagi, tutamuzika."

"Tutazika nini, Yaya?" Théodore akamuuliza kaka yake, ingawa alijua.

"Shina ya mugomba. Sawa vile walifanya bababu."

Kwa ukoo wao, maiti ikikosekana, shina la mgomba hukatwa kwa urefu wa marehemu, huvikwa nguo, hulazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Lakini kabla ya kulivika, mama ndiye huosha uso. Anachota maji kwa kiganja, anapitisha juu ya shina, paji, macho, pua, mashavu, na wakati huo lazima amuone mtoto wake kabisa. Mabibi walisema: mama asiyeuona uso amezika mgomba, na mtoto anabaki njiani akiuliza watu kwao ni wapi.

"Ngojeni kwanza," Adeline akasema.

"Tungoje nini, Mama Denise? Kila mwaka unasema tungoje. Miye pia nalimupenda."

"Najua, Yaya. Ngojeni tu."

Gustave akaangalia kofia yake. "Maharagi haitangoja," akasema taratibu, akaenda.

Adeline hakuweza kusema kinachomzuia. Alikumbuka sauti ya Denise. Alikumbuka rinda la buluu, na nyayo zake bapa kama za bata, na namna alivyoimba akiwa anakojoa. Lakini uso! Uso ulikuwa unafutika, kama maandishi ya ubao mwanafunzi akipitisha mkono wa shati. Picha hazikuwepo, nyumba iliungua na vyote. Aliukimbilia ule uso kila asubuhi na kila asubuhi ulikuwa umekwenda mbali zaidi. Ataosha nini? Mama gani anasahau uso wa mtoto wake? Adeline hakumwambia hata Théodore. Théodore naye, tangu ule mto, hakulitaja jina la Denise hata mara moja. Alitengeneza baiskeli za watu na kunyamaza.

Aliyekuja kujua ni Musoki, ambaye sokoni walimwita Mama Patience. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Butembo aliyehamia Bunia na mume wake Kambale, akauza sabuni na mafuta ya mawese kwenye meza iliyoangaliana na ya Adeline. Mdomo wake haukuwa na mlango.

"Mama Denise! Inzi inakula samaki yako na weye unaiangalia kama vile ni muteja. Uko wapi?"

"Niko hapa."

"Hauko hapa. Mwili iko hapa. Weye uko wapi?"

Na Adeline, sijui ni joto la siku ile ama ni uchovu, akasema yote. Ndoto, mto, mgomba, uso. Akasema: "Kila usiku namushika mukono, Mama Patience. Iko nyuma yangu tu, hapa. Ningegeuka kidogo, ningemuona. Lakini mu ndoto sijue kama ni ndoto. Nakimbia tu kama mujinga."

Musoki hakucheka. Alisogeza kigoda chake.

"Miye, ng'ombe ilinifukuza mu ndoto tangu utoto mpaka ndoa. Kambale alikuwa anaamuka na alama ya mateke yangu. Ni shangazi yangu wa Butembo alinifundisha. Ndoto ni muvivu, ndugu yangu. Haina kazi yake mwenyewe. Inachukua ile ulizoea muchana, inairudilia. Basi zoea kuuliza. Muchana, simama, jiulize: niko macho ao niko mu ndoto? Lakini usiulize kama mutu anasema Baba Yetu huku anawaza mboga yake ya sombe iko ku moto! Simama kabisa. Angalia. Sikia miguu yako ku udongo. Kisha pima."

"Napima na nini?"

"Na kitu yenye ndoto haijue kufanya. Miye nilikuwa nanusa mikono kisha kufua. Mu ndoto, sabuni haina harufu. Siku moja ng'ombe inakuya, nikanusa mikono, hakuna kitu. Nikajua! Nikasimama, nikageuka, nikaiuliza: mama wee, maziwa iko wapi? Ikaona haya, ikaenda."

Adeline akacheka, na kicheko kilimshangaza yeye mwenyewe.

"Weye uko na samaki," Musoki akasema. "Nusa samaki."

Basi Adeline akaanza. Kila alipogeuza samaki mezani, alisimama, akajiuliza moyoni, akanusa. Muuza samaki anayenusa samaki wake mbele ya wateja ni sawa na seremala anayetingisha kiti anachouza. Wateja walianza kupita mbali.

"Mama Denise, imeoza?" akauliza Brigitte, muuza chumvi aliyekaa nyuma yake.

"Haijaoza."

"Basi acha kuiuliza. Samaki haijibu, na wateja wanaogopa."

Adeline hakuacha. Alipika akinusa, alifagia akinusa, akaenda kanisani na kipande cha samaki ndani ya kitambaa, na mbwa wa jirani wakamsindikiza kwa uaminifu mkubwa. Lakini ndoto ilikuja na yeye akakimbia tu, bila kuuliza, bila kunusa, mkono mdogo ukitoka pale pale.

Ikawa siku moja ya jua kali. Soko lilivuma mbali kama nyuki ndani ya mzinga. Adeline akainua samaki, akasimama kabisa kama alivyofundishwa, akajiuliza, akanusa. Hakuna kitu. Akanusa tena, kwa nguvu, akiuweka mdomo wa samaki karibu na pua yake. Hakuna.

Niko mu ndoto!

Hakuwaza kwamba amekaa na moshi wa samaki miaka na miaka, mpaka pua yake ilikuwa imestaafu bila kumwambia. Aliona tu kwamba kila kitu kimekuwa cheupe na kitamu, na kwamba kama hii ni ndoto, basi Denise yuko nyuma yake. Akaacha samaki akaanguka. Akapeleka mkono wa kushoto nyuma, taratibu, asimtishe. Akageuka.

"Denise! Simama, mama anakuona!"

Nyuma kulikuwa na Brigitte na sinia yake ya chumvi. Adeline akaushika uso wa Brigitte kwa mikono miwili, akauangalia kama mtu anayetafuta kitu chini ya maji. Akayapapasa mashavu. Akainua kidevu. Na Brigitte, ambaye kila mtu alijua ulimi wake, hakusema lolote. Alisimama tu, chumvi ikimwagika juu ya miguu yao wote wawili.

"Ni miye, Mama Denise," akasema mwishoni. "Ni Brigitte, dada yangu. Ni miye tu."

Watu wakajaa. Anastasie wa chumba cha maombi akapenya katikati, akaweka mkono kichwani pa Adeline: "Toka! Toka, pepo ya usingizi! Toka!"

"Toka weye kwanza!" Musoki akamsukuma na kiwiko. "Muache mutu apumue!"

Wakamwita Théodore. Alikuja na mikono ya mafuta meusi, hakuuliza watu kitu, akamkalisha mke wake nyuma ya baiskeli na kuisukuma kwa mguu mlima mzima. Njia nzima Adeline aliangalia mgongo wake. Karibu na nyumba, bila kugeuka, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Ukageuka... ulimuona?"

"Nilimuona Brigitte."

Théodore akatikisa kichwa, akaendelea kusukuma.

Jioni, Musoki akaja na sabuni mbili ndani ya gazeti, namna ya kuomba radhi. Akaketi kwenye mkeka.

"Kosa ni yangu. Pua ya muuza samaki! Nilisahau. Hata miye tangu nauza sabuni, siisikie tena. Leo ng'ombe ingerudi, ingenikanyaga vizuri."

"Si kosa yako. Acha hii mambo. Nitawaambia bazike."

"Leta mukono," Musoki akasema, akamshika mkono wa kushoto kumfariji, na vidole vyake vikakuta kile kilichopinda. Akakiangalia. Akakigeuza. "Hii ilivunjika wapi?"

"Pa mto."

"Mbele mutoto atoke, ao kisha?"

"Pale pale. Nilianguka, kidole ikavunjika, mukono ikatoka."

"Basi mu ndoto yako," Musoki akasema polepole, "wakati bado unamushika, hii kidole iko namna gani?"

Adeline akaangalia kidole chake. Hajawahi kuwaza.

"Haijavunjika bado," akasema.

"Iko yenye kunyooka."

"Iko yenye kunyooka."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Lakini sikia," Musoki akasema, na safari hii mdomo wake ulikuwa na mlango. "Ukiona imenyooka, utajua ni ndoto. Na ukijua ni ndoto, utajua na ile ingine."

"Ile ingine naijua kila asubui."

"Asubui unajua, yeye ameshakwenda. Pale utajua na mukono yake iko mu mukono yako. Uko tayari?"

Kesho yake, alipogeuza samaki wa kwanza, alisimama, akaangalia kidole. Kimepinda. Niko macho. Akageuza mwingine.

Na hapo ndipo alipoelewa neno la Musoki, kusimama kabisa. Pale mwanzo alikuwa ananusa haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango huku anaondoka. Sasa alikaa ndani ya kila kuuliza. Alisikia udongo chini ya nyayo, ukiwa na baridi asubuhi na joto baadaye. Alisikia mashine ya kusaga unga kule chini, na redio ya fundi nguo, na kikohozi cha Brigitte ambacho hajawahi kukisikia ingawa walikaa mgongo kwa mgongo miaka yote. Akaona kwamba alikuwa anaishi Bunia kama mtu anayeangalia dirishani mwa gari. Mvua ilikuwa inanyesha nje na yeye hakuwa amelowa.

Haikuwa furaha. Msinielewe vibaya. Ukiamsha mguu uliolala, kwanza unauma.

Siku moja walikuwa wanakula, yeye na Théodore, ugali wa muhogo na samaki. Adeline akasimamisha mkono, akaangalia kidole: kimepinda, niko macho. Akainua macho akamuona mume wake. Nywele zake zilikuwa nyeupe pembeni. Lini? Akaona mikono yake, mafuta meusi yaliyokaa ndani ya mistari ya ngozi. Akaona kwamba amekula samaki wote, na kichwa cha samaki amekisogeza pembeni ya sahani, vizuri, kikiangalia mlango.

Alikuwa anafanya hivyo kila siku. Miaka yote Adeline aliosha sahani ile na kudhani bwana hapendi kichwa cha samaki. Sasa akakumbuka nani alikuwa anakipenda. Denise alikuwa anakimbilia kichwa cha samaki kabla sahani haijafika chini, anakula macho kwanza.

Akachukua sahani akaenda kuosha.

Maharagi yakaanza kukauka mashambani. Gustave akatuma neno: siku ya posho ijayo, yaani Jumamosi. Théodore akaazima baiskeli yenye nguvu, akapanda njia ya Fataki, kwa sababu juma lile njia ilikuwa wazi na hakuna aliyejua juma lijalo. Alitaka shina litoke kwenye migomba ya kwao, si ya kununua. Alirudi siku ya Mungu asubuhi, mweupe kwa vumbi, na shina limefungwa nyuma kwa kamba za mpira.

"Pa barrière ya askari waliniuliza nabeba nini," akamwambia Adeline.

"Ukawaambia nini?"

"Mutoto yangu."

"Walicheka?"

"Mumoja alicheka. Kisha akaacha."

Akaliweka shina kivulini, akalifunika na majani lisikauke, akaenda kuoga. Adeline alilitazama. Lilikuwa fupi. Lo, lilikuwa fupi sana.

Baada ya ibada, mvua ikajikusanya juu ya milima, mchana ukawa mzito. Adeline akajilaza kwenye mkeka karibu na mlango ulio wazi. Hakupanga kulala. Alijiuliza, akaangalia kidole, kimepinda, akasikia matone ya kwanza juu ya mabati, na usingizi ukamchukua kama maji yanavyochukua jani.

Akawa anakimbia. Mihogo huku na huku, mzigo kichwani, watu mbele na watu nyuma. Mkono mdogo ukivuta, una moto, una jasho. Mbele, mto tayari unasikika. Na katikati ya mbio zile, bila sababu, kama mtu anayejikuna, akafanya alichozoea: akashusha macho aangalie kidole.

Kilikuwa kimenyooka.

Kilikuwa kizuri, chembamba, kimekaa na wenzake kuzunguka mkono wa mtoto. Adeline akasimama. Akasikia udongo chini ya nyayo. Watu waliendelea kupita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe, na hakuna aliyemsukuma. Ni ndoto, akajua. Na palepale, kama Musoki alivyosema, akajua na ile nyingine, yote, huku mkono wa mtoto uko ndani ya mkono wake. Alidhani moyo utapasuka na ataamka. Hakuamka. Akaacha mzigo uanguke. Akageuka.

Denise alikuwa pale.

Uso wake ulikuwa umejaa vumbi, machozi yamepita njia mbili ndani ya vumbi. Nyusi zake zilitaka kukutana katikati kama za Théodore. Jino la mbele lilikuwa limetoka na lingine lilikuwa linachungulia. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na kovu dogo, jeupe, kama punje ya mchele. Lile kovu! Siku ile alipoanguka juu ya ukingo wa sufuria, akalia mpaka kuku wakakimbia!

Adeline alikuwa ametayarisha swali. Miezi yote alilitayarisha: mama, umelala wapi, upande gani wa mto, nikuje kukuchukua? Likamtoka kichwani lote. Akapiga magoti, akashika pembe ya kitenge chake, akailowanisha na mate kama mama yeyote anavyofanya mlangoni pa kanisa, akampangusa mtoto uso. Paji. Macho. Pua. Mashavu.

Denise akakunja uso, namna watoto wanavyofanya.

"Mama," akasema. "Unanifinya mukono."

Ilikuwa kweli. Adeline akaangalia: vidole vyake vilikuwa vimeukaza ule mkono mpaka umekuwa mweupe. Miaka yote hii alikuwa ameukaza hivyo.

"Nisamehe, mama yangu," akamwambia mtoto.

Akalegeza. Kidole kimoja, kisha kingine. Kile kidogo kilikuwa cha mwisho, na kilipoachia kilikuwa kimeanza kupinda.

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa fujo alipofungua macho. Théodore alikuwa amekaa kizingitini, akiangalia maji.

"Baba Denise," akamwita.

Hakuwa amemwita hivyo tangu ule mto. Théodore akageuka kwa mshtuko.

"Nimemuona. Nimeota, na nikajua naota, nikageuka. Nimeona uso yake."

Mikono ya Théodore ilikuwa inatafuta kitu cha kutengeneza. "Ilikuwa namna gani?" akasema. "Niambie. Miye... miye imenitoka, Adeline. Zamani. Nabaki tu na nyusi, sababu naziona mu kioo."

Kumbe hata yeye alikuwa ameusahau! Miaka yote walikaa chini ya bati moja, kila mtu akilinda shimo lake lisionwe na mwenzake.

Akamwambia yote. Vumbi, machozi, jino. Théodore alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipofika kwenye kovu, akayafumbua.

"Kovu ilikuwa kuume."

"Kushoto. Nimeiona sasa hivi."

"Kuume, Adeline. Miye ndiye nilimubeba ile siku. Damu ilikuya ku bega yangu hii," akapiga bega lake, "na kichwa yake ilikuwa imelala hivi. Ni kuume."

"Nakuambia nimeona!"

"Umeona mu ndoto! Ndoto ni ushahidi?"

Adeline alikuwa hajawaza hilo. Alikuwa ameenda mbali kote kule, akarudi na uso mikononi kama mtu aliyebeba maji kutoka kisimani, na sasa hakujua kama ni maji ya kisima kile. Labda ndoto, ambayo ni mvivu, ilichukua nyusi za Théodore na jino la mtoto wa jirani. Nani angesema? Hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kuuliza. Walikuwa wawili tu, na hawakukubaliana.

Wakabishana. Walibishana juu ya kovu, kisha juu ya jino, kisha juu ya siku ya sufuria, kama ilikuwa sufuria ya maharagi ama ya maji. Sauti zikapanda. Jina la Denise likasemwa ndani ya nyumba ile mara nyingi kuliko miaka yote iliyopita. Mwishoni Théodore akainamisha kichwa chake juu ya goti la mke wake na mabega yake yakatikisika, na mvua ikafunika sauti.

Siku ya posho Gustave alichimba kaburi nyuma ya nyumba yake, kule mwisho wa mji. Si udongo wa kwao, lakini udongo ni udongo. Watu walikuja wachache. Musoki alikuja na Kambale. Brigitte alikuja na pakiti ya chumvi kwa chakula cha msiba, akaiweka jikoni bila kusema. Shina lililazwa kwenye mkeka, na pembeni yake rinda la buluu la kununua, kwa sababu lile lenyewe lilikwenda na mwenyewe.

Gustave akavua kofia. "Mama Denise," akasema, "ni kazi yako."

Adeline akapiga magoti. Musoki akamshikia sahani ya maji. Akachota kwa kiganja cha kushoto, akapitisha juu ya shina. Paji. Macho. Pua. Mashavu. Maji yaliteleza juu ya ganda la mgomba, na uso ukaja. Hakujua kama ndio wenyewe. Ulikuja tu, na vumbi lake na jino lake, ukajikunja kidogo kwa sababu ya baridi ya maji. Akapitisha kidole juu ya nyusi ya kushoto, mahali pa kovu. Akakaa kidogo. Akainua macho akamtafuta Théodore kati ya watu. Alikuwa amesimama na koleo, na mkono wake mmoja ulikuwa umeshika bega lake lile lile la siku ya sufuria.

Akachota maji tena, akaosha na upande wa kuume.

Kisha, kwa mazoea ya mikono, akasimama kabisa. Akasikia udongo chini ya magoti. Akasikia Brigitte akikohoa, na mtu kule mbali akigonga misumari. Akaangalia kidole chake kilicholowa.

Kilikuwa kimepinda.

Niko macho, akajua, ndipo akalia.